Mawe Mawili ya Furaha

Juzi, katika soko la Bel-Air, niliona mizani ya kutundika, nikasikia tena harufu ya uji wa soya. Nilipokuwa mtoto, watu wa mradi wa lishe walikuja kijijini kwetu kupima watoto. Baba alikuwa mchimbaji, na madini yake yalilipwa kwa uzito. Basi nikamfichia mdogo wangu Furaha mawe mawili ya kijani ndani ya nguo, ili ashinde.

“Huyu iko na kilo yake, mama,” alisema muuguzi. “Unga ya soya iko ya batoto bale bepesi.”

“Pima tena, madamu,” mama alisema.

Akapima. Nilijivuna.

Njiani kurudi nyumbani niliyatoa mawe, mama asione. Watu wa mradi waliporudi na mizani, tulikuwa tumeshamzika Furaha.

Mawe ninayo bado. Hayafiki hata kilo moja. Nimeyapima mara mbili.