Mwaka Tuliochagua Wachezaji kwa Futi ya Fundi

Mwaka ule timu yetu ya Nshamba ilishika mkia na hakuna aliyeshangaa. Tulianza msimu na wachezaji kumi na wanane, tukaumaliza na kumi na mmoja, na mmoja wao nilikuwa mimi, mwalimu wa shule ya msingi mwenye goti bovu, niliyevalishwa jezi ili refa asiahirishe mchezo. Wale wanane waliopungua, wengine walikuwa wamelala majumbani mwao na wengine tulikuwa tumewazika. Hatukutaja ugonjwa. Tulisema fulani amekonda, na msikilizaji alielewa.

Kushika mkia kulikuwa na faida moja. Baada ya vita, timu tatu za sehemu yetu ya wilaya zilikuwa zinagombania vijana wanaotoka shule, hadi siku moja watu wakarushiana mawe. Viongozi wakaweka utaratibu: kila msimu ukiisha majina ya vijana wote yanaandikwa kwenye orodha moja, na timu iliyoshika mkia inachagua kwanza. Zamu ya pili inakuwa ya iliyo juu yake, ya tatu ya iliyo juu zaidi, mmoja mmoja. Kwetu aliyechaguliwa alipata pia kazi ya kubeba magunia katika ghala la kahawa, kwa sababu mwenye kusimamia ghala ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa mashabiki. Kwa kijana asiye na wazazi, kazi ile ilikuwa kubwa kuliko mpira.

Mimi nilikuwa katibu. Nilibeba daftari la vikao, na vikao vyetu vyote miaka ile vilifanyika misibani. Hatukupanga hivyo. Jumamosi hapakuwa na mahali pengine ambapo ungewakuta watu wote. Tulizika, tukala ndizi za msibani, kisha sisi watu wa mpira tukasogea nyuma ya migomba, mbali kidogo na waliofiwa, tukakaa juu ya nyasi zilizobaki baada ya kutandika sakafuni ndani ya nyumba.

Siku ya kujadili orodha tulikuwa wanne. Mwenyekiti, mimi, mzee mmoja wa mgambo aliyekwenda vitani akarudi akiwa kiziwi wa sikio la kushoto, na fundi cherehani. Huyu fundi alikuwa Mwislamu wa Bukoba mjini, babu yake alitoka pwani, na alihamia kwetu na cherehani yake pamoja na daftari nene lenye jalada gumu alilopewa na Mhindi mmoja aliyekuwa anafunga duka. Katika daftari lile aliandika vipimo vya watu wote wa Nshamba. Ndiye aliyeshona bukta za timu.

Majina mawili ndiyo yaliyobishaniwa. Wa kwanza alikuwa mvuvi kijana wa kisiwa cha Bumbire, winga wa kushoto, mwenye mabega kama mlango. Wa pili alikuwa beki wa kijiji cha jirani, mrefu, mwembamba, mtulivu, aliyefiwa na wazazi wote wawili na kuachiwa wadogo zake wawili wa kike.

"Beki," alisema mgambo. "Nimemwona mara nne. Hakimbilii mpira, anausubiri unapokwenda."

"Wewe ungemwona nani, upande mmoja husikii," alisema mwenyekiti.

"Mpira ninautazama kwa sikio?"

Tukacheka kidogo, kwa sauti ya chini, kwa sababu ya waliofiwa.

"Huyu wa Bumbire anakula samaki," mwenyekiti aliendelea. "Mtazame shingo yake. Mwaka huu ninataka mtu atakayefika mwisho wa msimu. Nimechoka kuchagua watu wa kuzika."

Mwenyekiti akamgeukia fundi, kama tulivyozoea kumgeukia. Tuliamini kwamba futi yake inajua mapema kuliko macho yetu, na mara mbili alikuwa amenong'ona jina la mtu miezi kadhaa kabla hatujamwona mtu huyo akiyumba.

Fundi alifungua daftari akatafuta jina la beki.

"Mwaka jana niliandika kiuno inchi thelathini na mbili," alisema. "Juzi, nilipowapima vijana wa majaribio, ishirini na nane."

"Inchi nne?" aliuliza mgambo.

"Ndivyo ilivyoandikwa, mzee wangu."

Mgambo aling'oa jani la nyasi akalikunja. "Basi," alisema. "Andikeni wa Bumbire."

Nikaandika. Na kwa kuwa mimi ni mtu wa kuandika sababu, niliandika pia sababu: kiuno kimepungua inchi nne kwa mwaka.

Jumamosi iliyofuata tulikwenda Muleba kuchagua. Tulimtaja wa Bumbire. Timu ya pili ikataja mwingine, ya tatu mwingine, zamu zikazunguka mpaka tukabaki na majina machache chini ya orodha, na beki akiwa mmojawapo. Mwakilishi wa timu ya pili aliweka kidole kwenye jina lake, akanitazama, akakiondoa. Nilijua habari imetutangulia. Sikuuliza imepitia mdomo wa nani, maana tulikuwa wanne tu.

Haikupita wiki mbili, baba wa yule wa Bumbire akamrudisha kisiwani. Mitumbwi ilikuwa imepungukiwa na watu, alisema, na mtoto wake ni wa kuvuta nyavu. Nafasi ikawa wazi, pamoja na kazi ya ghalani, na utaratibu ulituruhusu kuijaza kutoka kwenye majina yaliyobaki.

Nilikwenda barazani kwa fundi kuchukua bukta za msimu mpya. Nilimkuta na mama mmoja mjane aliyeleta koti la mumewe ili lipunguzwe livaliwe na mwanawe. Fundi alilipima koti kifuani, mabegani, mikononi, akaandika, kisha akamwuliza mama jina la mtoto, akaliandika juu ya vipimo vile. Mama akaondoka. Nilibaki nimesimama.

"Fundi, hivyo ni vipimo vya nani?"

"Vya koti kama lilivyoletwa, Mwalimu. Ndiyo nijue nipunguze kiasi gani."

"Na jina?"

"La atakayelivaa. Marehemu siandiki jina lake. Nani anataka kumkuta marehemu wake kwenye daftari la cherehani?"

Alipomaliza kusema aliuona uso wangu. Akalivuta daftari, akarudi nyuma kurasa nyingi kwa kidole, mpaka kwenye ukurasa wa mwaka uliopita. Jina la beki. Thelathini na mbili. Pembeni kulikuwa na mstari mdogo wa penseli, alama yake ya nguo ya kupunguza. Ilikuwa suruali ya marehemu baba yake.

Alikaa. Miaka ile nusu ya vijana wetu walivaa nguo za watu waliokufa, na kila mmoja alipita kwenye daftari lile. Hatukuwa tumewahi kulifikiria hilo.

"Nimemlinganisha mtu na baba yake," alisema fundi.

Jioni ile ile tulikwenda wote wawili kwa kijana. Tulimkuta nje, anamenya ndizi, wadogo zake wakikoka moto. Alitupa vigoda. Fundi alieleza mwenyewe na hakujificha nyuma yangu. Kijana alisikiliza huku kisu kikiendelea na kazi.

"Suruali ilikuwa ya tata," alisema, maana ndivyo baba anavyoitwa kwa Kihaya. "Mimi nimekuwa hivi tangu darasa la tano. Mwalimu si umenifundisha?"

Nilikuwa nimemfundisha. Nilikuwa nimemwona mwembamba miaka mitatu mfululizo, kisha nikaandika kwa mkono wangu kwamba amekonda.

"Nitamwambia mwenyekiti," nilisema.

"Mwenyekiti peke yake haitoshi, waitu," alisema kwa neno letu la heshima. "Jirani zangu hawali tena kwangu. Kasemeni mlikosemea."

Tulijua ni wapi, na hatukungoja sana. Jumamosi kulikuwa na msiba kijijini kwake, na yeye alikuwa huko kama vijana wengine wa jirani, akisaidia. Walikuwa wamempa kikapu kidogo cha kahawa za kutafuna, zile punje zilizochemshwa na kukaushwa ambazo kwetu mgeni hupewa kabla ya jambo lolote. Nilimtazama akipita kwenye mistari ya wanaume. Mkono mmoja baada ya mwingine ulibaki gotini.

"Nimeshatafuna," walisema.

"Meno yananisumbua."

Kikapu kilifika nyuma ya migomba kikiwa kimejaa. Mwenyekiti alikuwa amekwisha kuanza kutaja majina ya kujaza nafasi. Fundi alisimama, futi ikiwa shingoni kama siku zote, akaomba wasikilize. Alisema kosa lake kwa sauti ya kufika kwenye mistari: suruali, baba, jina, mstari wa penseli. Watu waligeuka. Akamaliza kwa kumwambia kijana, "Mwanangu, ukiniruhusu nitakupima mbele yao."

Kijana aliweka kikapu chini, akapandisha shati. "Pima tu, Fundi. Ila mara hii unipime mimi."

Fundi alizungusha futi, akaibana kwa kidole gumba, akamwita mgambo aje asome, ili asiwe yeye tena wa kusema. Mgambo aliinama karibu sana, akasoma kwa sauti kubwa ya watu wasiosikia vizuri.

"Ishirini na nane."

"Na siku ya majaribio?" aliuliza mwenyekiti.

"Ishirini na nane," alijibu fundi. "Naamini na darasa la tano vilevile."

Mwenyekiti akanielekezea kidevu. "Andika. Jumatatu aje ghalani."

Nikaandika, na juu yake nikakata ile sababu ya kwanza kwa mistari miwili. Fundi alibaki amesimama na futi mkononi, hajui aikunje au aivae.

"Kuna mwingine wa kupimwa?" aliuliza. Nadhani alitaka kutuchekesha.

Mwenyekiti alifunga kifungo cha koti. Mgambo akarudi kukaa, mbali zaidi na futi kuliko mwanzo. Mimi niligundua kwamba nimeshika mkanda wangu, ambao mwaka ule nilikuwa nimeutoboa tundu jipya kwa msumari, na sikuwa nimemwambia mtu, hata mke wangu.

Kijana aliokota kikapu, akaanza upya kutoka mwanzo wa mstari. Watu wale wale wenye meno mabovu walichukua punje moja moja wakatafuna. Aliponifikia nilichukua mbili.