Salamu ya Mama wa Chaji

Kibanda changu cha Mwakitolyo kilikuwa cha kuchaji simu na kuwaingizia wachimbaji wa dhahabu nyimbo kwenye memori kadi. Siku moja alipita hapo mwimbaji na zeze lake, kijana mwembamba ambaye hata kwao walikuwa hawamjui vizuri. Nilimrekodi kwa simu yangu. Katikati ya wimbo akamsalimia "mama wa chaji wa Mwakitolyo", yaani mimi. Kwetu Wasukuma mwimbaji kutaja watu ni kawaida, lakini kutajwa na sauti ile kulinivimbisha kichwa, na sioni aibu kusema.

Wimbo huo niliugawa kwa masharti. Mteja wa miziki ya redioni nilimwingizia huku napiga miayo. Wimbo wangu nilimpa yule tu niliyemwona ana masikio. Mmoja aliponiuliza kama hakuna wa kuchezeka zaidi, nilimrudishia kadi yake tupu.

Baadaye mwimbaji akaenda Mwanza, akaurekodi upya studio, kinanda na ngoma juu. Haikupita miezi mingi kila bodaboda ikawa nao. Na salamu yangu ilikuwa imekatwa. Niliudhika vibaya. Nikatangaza pale kibandani kwamba kijana amekwisha, kauza zeze kanunua kelele.

"Mama, una wivu tu," vijana wakasema.

Nikawauliza walikuwa wapi wakati mimi namsikiliza peke yangu. Jibu hilo nililipenda, nikalitumia kwa kila mtu.

Niliposikia atatumbuiza Kagongwa mchana wa siku ya mnada, nilifunga kibanda nikaenda. Nilikuwa na swali moja tu la kumuuliza: salamu yangu iko wapi? Uwanja ulifurika, jukwaa nikaliona kwa kuchungulia. Nikajibanza kando ya mama mmoja mtu mzima aliyekalia ndoo. Wimbo ulipoanza watu wote wakaruka. Yeye hakutikisika.

"Shikamoo mama. Huupendi?"

"Marahaba, mayu," akaitika, akiniita mama kwa Kisukuma. "Naupenda. Ila wameuharakisha."

Nilifurahi kupata mwenzangu. Nikamweleza kwamba mimi ninao wa zamani, ule halisi, wenye salamu ya mama wa chaji. Akanitazama kwa upole, vilevile nilivyozoea kuwatazama wateja wa miziki ya redioni.

"Huo nao ni wa juzi," akasema. "Aliuimba kwanza nyumbani kwangu, siku tunaanua matanga ya mume wangu. Marehemu alifukiwa na shimo la duara, kule machimboni. Salamu ilikuwa yangu."

Nikamwomba aniimbie ule wake. Nikamwinamia, naye akaniimbia sikioni katikati ya makelele yale, kwa Kisukuma, taratibu, bila haraka na mtu. Salamu yake ilikuwa mahali palepale palipokuwa na yangu. Mjane alisalimiwa, kisha akabembelezwa ale, hata tonge moja.

Uliniuma, maana ulikuwa mzuri kuliko wangu.

Jukwaani mwimbaji alikuwa anaaga, na kama ningekimbia ningemuwahi. Nikachuchumaa kando ya ile ndoo, nikamwomba mama aurudie tangu mwanzo, niyashike maneno.