Injinia, Gundi na Meno ya Mama Mkwe

Umewahi kumwona mtu mzima akiingia kwenye kikao cha familia ameshika meno ya mama yake, na hawezi kuyaweka chini?

Mimi nimemwona. Ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu.

Anaitwa Injinia. Jina kajipa mwenyewe. Kitu pekee alichowahi kujenga ni kitambi.

Siku hiyo ndugu walikuwa wanakutana sebuleni kwa mama mkwe. Injinia alitaka mama ahamie kwake, nyumba ya mama aigeuze gereji. Mke wangu alitaka mama aachwe kwake apumue. Mama mwenyewe alikuwa bado anapima, na neno lake ndilo lilikuwa la mwisho.

Asubuhi hiyo meno yake ya bandia yakamponyoka, yakagonga sinki, yakapasuka vipande viwili.

Sasa mama mkwe ni mwalimu mkuu mstaafu. Bila meno hafungui mdomo mbele za watu. Akajifungia chumbani.

Injinia akaona hapo ndipo pa kuchukulia sifa. Akatangaza mbele ya mlango kwamba mtoto wa kumtunza mama ni yule anayejua kutengeneza vitu vya mama.

Mimi tangu nistaafu kuendesha lifti nimejifundisha mtandao. Huko niliokota kidude cha kuchagulia gundi. Unakiambia unaunganisha nini na nini, kama kitaguswa na maji au moto, chenyewe kinakutajia gundi inayofaa. Kilinisaidia kubandika soli ya kiatu. Soli ile imeshika hivi kwamba kiatu kitakufa, yenyewe itaendelea kutembea.

Nikamwonyesha Injinia kwenye simu, nikamwambia tukiulize kwanza.

Akanitazama kama mtu anayetazama matope kwenye zulia.

"Shemeji, gundi ni gundi. Mwanaume hafundishwi kubandika na simu."

Akabeba meno, akajifungia jikoni.

Halafu nikasikia naitwa, kwa sauti ya upole ambayo huyo bwana hajawahi kuitumia tangu azaliwe.

Nikaingia. Meno yalikuwa yameungana vizuri kabisa. Ila yalikuwa yameungana na yeye pia. Kidole gumba na cha shahada vimeng'ang'ania ndani ya ufizi. Kila akitikisa mkono, meno yanacheka.

Nikafungua kidude changu. Kikasema usivute, loweka kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni, uwe na subira. Dawa ya kutolea rangi ya kucha ingemnasua vidole, lakini ingekula plastiki ya meno.

"Umepaka nini?"

"Supa gluu."

"Nani kakwambia supa gluu inaingia mdomoni mwa mtu?"

Akaangalia dirishani. Simu yake ilikuwa pale mezani, kando ya kichupa cha gundi.

"Hicho hicho kidude chako."

Nikamwambia haiwezekani. Akahema kama pancha.

"Nilipoandika meno ya bandia kilikataa. Kikasema peleka kwa fundi wa meno. Nikaandika kikombe."

Jamani. Mtu kaichamba simu mbele yangu, kaenda kuiuliza kwa siri, na alipoona jibu halimfai, kaidanganya.

Nikageuka kutafuta beseni. Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni, mtandio mdomoni. Alikuwa amesikia yote.

Akamwashiria mwanawe atangulie sebuleni, hivyo hivyo alivyo.

Ndugu wote wakageuka. Injinia kasimama katikati, mkono mbele, meno yanawachekea wajomba.

Mama akashusha mtandio. Mara ya kwanza tunamwona bila meno, na hakujali.

"Umeambiwa hapana, ukabadilisha swali," alisema. "Mimi nikihamia kwako, siku nikikwambia hapana, itakuwaje?"

Yaliyoonekana kutaka kujibu ni yale meno tu.

"Nabaki kwangu. Mleteeni beseni."

Kikao kikaishia hapo. Injinia alikaa kwenye kona akilowekwa kama nguo chafu, na kila aliyetoka alimpa pole bila kumpa mkono.

Ndugu zangu, vidude vya maana mtandaoni vipo, vitafuteni, haviumi. Lakini viambieni ukweli. Ukiandika kikombe, utajibiwa ya kikombe, na aibu utainywa mwenyewe.

Meno yalienda kwa fundi wake. Mama anaongea kuliko zamani.

Na Injinia siku hizi hatumwiti tena Injinia.

Tunamwita Kikombe.