Jina la Mkulima wa Kusini

Baba mkwe wangu alinipa kazi ya kumtafuta babu yake miezi mitano baada ya kumzika mwanawe, ambaye alikuwa mume wangu. Nilikubali kwa sababu sikuwa na nguvu ya kukataa. Siku zile mtu angeniambia nipande juu ya paa nikahesabu misumari, ningepanda. Nilikuwa nimekufa ganzi. Nilipika, nilifua, nilishona nguo za watu kibarazani kwetu Igogo, hapa Mwanza, na jioni nilikuwa sikumbuki nimeshona nini.

Mzee alikuwa amehama Usagara na kuja kukaa kwangu ili awe karibu na hospitali. Figo zilikuwa zimechoka, na daktari alishatuambia bila kuzungukazunguka kwamba tusitegemee mwaka. Yeye mwenyewe hakuonekana kuogopa kufa. Alichokiogopa kilikuwa kingine, na alinieleza asubuhi moja akiwa kitandani, mimi nimekaa kwenye kigoda mlangoni, maana kwetu mkamwana haingii chumbani kwa baba mkwe akajikalia tu.

"Nikifika huko nitamkuta babu yangu," alisema. "Nitamwitaje? Jina lake silijui."

Nilidhani ananitania. Hakuwa ananitania.

Babu huyo kila mtu katika ukoo alimfahamu kwa habari zake. Alikuwa mkulima, alilima mtama na viazi kabla Wajerumani hawajafika, na inasemekana alikuwa mkali kwa yeyote aliyekanyaga matuta yake, hata akiwa mgeni. Lakini aliitwa Mdakama, basi. Dakama kwa Kisukuma ni kusini, na Mdakama ni mtu wa kusini. Baba mkwe wangu alifiwa na baba yake akiwa na miaka minne, akalelewa na mama yake pamoja na mke mdogo wa baba yake, na wote wawili walimsimulia habari za Mdakama. Mzee akazeeka, na siku moja akagundua kwamba amebeba habari za mtu asiye na jina.

Mimi nikaona jibu liko wazi. Mtu wa kusini ametoka kusini, kwa hiyo aende mtu kusini akaulize. Nilipanda basi Nyegezi nikaenda Nzega, ambako nina rafiki niliyesoma naye. Alinipeleka kwa wazee wa mtaani kwao. Niliwapa shikamoo, wakanisikiliza kwa heshima zote, kisha mmoja akaniuliza, "Kwani sisi ndio Wadakama? Wadakama wako mbele huko, Tabora." Mkewe, ambaye kwao ni Sikonge, akacheka. Akasema kwao wakisikia dakama wanaonyesha mbele zaidi. Ningeendelea kufuata vidole vya watu, ningefika baharini.

Nilirudi Mwanza na dumu la asali. Mzee aliniuliza kama nimepata, nikamwambia bado, akasema haya, akageukia ukutani. Nilijua kwamba nilipaswa kumhurumia. Nilisimama pale nikiitafuta huruma yangu kama mtu anayetafuta funguo mfukoni, sikuipata, na hilo lilinitisha kidogo.

Mtasema kwa nini sikuanzia Usagara, kwa yule mke mdogo, ambaye bado yu hai na anakaribia miaka mia kama hajaivuka. Mzee alishanionya nisijisumbue. Alimuuliza tangu yeye akiwa kijana, na kila akimuuliza bibi anaziba mdomo na kuangalia pembeni. Nilichukulia kwamba bibi amesahau na anaona aibu kukiri. Huo ndio ulikuwa ujinga wangu, kwa sababu mimi pia nimeolewa, na nilipaswa kuelewa.

Nilikwenda hata hivyo, mwezi wa kumi, kwa kuwa sikuwa na pengine pa kwenda. Nilimkuta amekaa nje na mjukuu wake, mama mtu mzima anayemtunza, wameanika mihogo kwenye turubai.

"Mwangaluka, bibi," nilimwamkia.

"Mwangaluka, mjukuu. Karibu ukae. Nasikia ulienda hadi Nzega."

Nikamweleza nilichokifuata Nzega. Alicheka hadi akakohoa.

"Kusini gani, wewe? Huyo kazaliwa hapa hapa. Shamba lake lilikuwa kule, upande wa dakama wa mji, chini ya yale mawe. Ndiyo maana tulikuwa tunasema mwenye dakama. Sasa tungesemaje? Mimi ni mkwe wake."

Hapo ndipo nilipoelewa. Mkwe halitaji jina la baba wa mumewe. Wanawake wawili walimlea mtoto bila mwanamume wa ukoo karibu, wote wawili wamekatazwa jina lile lile, na wakalizunguka kwa miaka yote hiyo kwa kusema upande wa shamba. Mwenye dakama akawa Mdakama, na Mdakama akanipeleka Nzega kwa nauli iliyopotea bure. Nilikasirika. Ilikuwa hasira ndogo, ila niliifurahia, kwa sababu kwa muda mrefu sikuwa nimehisi kitu chochote.

"Bibi," nilimwambia, "mzee anakufa. Anataka kujua amwite nani."

Akaziba mdomo kwa kiganja na kuangalia pembeni, kama nilivyoambiwa. Macho yake yalikuwa na maji. Hakuwa mkaidi. Alitaka kunisaidia, na hakuweza.

Upande wa ziwa wingu lilikuwa limeshajikusanya, na upepo ukaanza kuinua pembe za turubai. Bibi akamgeukia mjukuu wake.

"Ingiza mihogo, maji ya juu yanakuja."

"Maji ya juu?" niliuliza.

"Ndivyo anavyosema," yule mama alinijibu huku anakunja turubai. "Tangu nizaliwe sijamsikia akisema mvua. Kwa Kiswahili, kwa Kisukuma, hasemi. Tumezoea."

Mkwe halikwepi jina peke yake, hulikwepa na neno linalofanana nalo. Na kwa Kisukuma mtoto wa kiume aliyezaliwa mvua ikinyesha ana jina lake, linalotoka kwenye neno hilo hilo la mvua. Hakuna mtu wa Mwanza asiyemfahamu angalau mmoja anayeitwa hivyo. Nilimwangalia bibi. Naye aliniona nimeshajua.

"Sijasema kitu," alisema.

"Hujasema kitu, bibi."

Nilifika Igogo saa kumi na moja jioni. Njiani nilikuwa nimepanga kumpigia simu shemeji yangu aliyeko Geita, aje alitaje yeye, mtoto wa nyumba. Mimi ni mke wa ukoo ule, na jina la babu wa baba mkwe si la kinywa changu. Lakini shemeji angekuja Jumamosi, na miguu ya mzee ilikuwa imevimba kuliko asubuhi, na alikuwa anapumua kwa kuvuta. Nikakaa kwenye kigoda changu na nikalitaja.

"Rudia," alisema.

Nikarudia. Akalisema yeye mwenyewe, polepole, mara tatu, kama anayejaribu kiatu.

"Umelitaja wewe, mkamwana."

"Nisamehe, baba."

"Angelitaja nani mwingine?" Akavuta pumzi. "Sasa taja na la mwanangu."

Sikuweza kumwangalia. Tangu mazishi jina lile halikuwa limetamkwa ndani ya nyumba. Yeye alisema mwanangu, mimi nilisema marehemu, na waliokuja kutupa pole walisema mzee wako. Hata alipokuwa hai nilimwita baba wa binti yetu. Kwa miaka kumi na tisa nililitaja jina lake mara moja tu, kanisani siku ya ndoa, nikimfuatisha padri kwa kunong'ona.

Nililitaja. Lilitoka kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia, namna unavyomwita mtu aliye uani wakati chakula kinapoa. Mzee akainua kichwa kwenye mto. Nikatambua kwamba sote wawili tunasubiri aitike. Hakuitika, na ndipo nilipolia.