Kisima cha Umeme cha Newala

Walisema sitaweza. Shemeji yangu Hamisi alisema kwa sauti kuliko wote, barazani kwake Masasi: kutafuta eneo la betri kubwa za umeme ni kazi ya wenye digrii, mimi wa stashahada nirudi kufunga taa za sebuleni. Kampuni moja ya umeme wa jua ilitaka pa kuweka betri za kujazwa mchana na kutoa umeme jioni, na ilikwisha kuelekeza macho mkoa mwingine. Ilinipa wiki moja niilete Newala mezani, pamoja na vipimo vya udongo na muhtasari wa mkutano wa kijiji wenye ridhaa. Mimi niliyejisomesha kwa kutambaa darini mwa watu nikivuta nyaya Dar es Salaam miaka tisa, wiki moja ilinitosha kabisa.

Jumatatu alfajiri niliondoka Masasi kwa pikipiki yangu, kipimo cha udongo nimekifunga nyuma kwa mpira. Milima ya mawe ikabaki nyuma, mikorosho ikanisindikiza, kisha barabara ikaanza kupanda. Saa nne nilikuwa ukingoni Newala, bonde la Ruvuma chini yangu na Msumbiji ng'ambo.

Nilifikia kwa Mama Zuhura, rafiki wa marehemu mama yangu. Nilipomwamkia aliitikia marahaba, kisha akaniuliza kama nataka kuoga au kunywa, nichague kimoja. Maji ya Newala husukumwa na pampu kutoka bondeni; umeme ukipungua jioni pampu husimama, na kila nyumba hurudi kwenye kisima chake cha maji ya mvua. Ndiyo sababu nilipataka Newala na si kwingine.

Jumanne nilipima shamba la kijiji lililoachwa, karibu na njia kuu ya umeme. Udongo ulikuwa mkavu kiasi kwamba kipimo hakikusoma kitu. Ilibidi kulowesha kila nilipochomeka kijiti cha chuma cha kupitishia umeme ardhini. Mama Zuhura akanipitisha kwa majirani akinidhamini. Nyumba sita zikanikopesha ndoo kumi na moja, kutoka visima vilivyokuwa vinaonyesha sakafu. Niliandika majina yote. Vipimo vikatoka safi kuliko nilivyotarajia, nami si mtu wa kutarajia madogo.

Jumatano, mkutanoni, nikaharibu. Nilisema tunajenga ghala la umeme. Minong'ono ikaanza, na mzee mmoja mkulima akasimama.

"Korosho zetu zikiingia ghalani tunasubiri bei mpaka macho yanauma. Sasa na umeme nao uingie huko?"

Watu wakacheka. Nikajibu kwa hesabu za megawati, mambo yakazidi kuharibika. Mwenyekiti akafunga kitabu chake, akasema tutakutana tena baada ya msimu wa korosho. Kwangu hiyo ilikuwa hapana. Hapo Mama Zuhura akainuka.

"Mwanangu, kusoma umesoma, kusema hujui. Hicho si ghala. Ni kisima. Mvua yake ni hili jua."

"Ndiyo, mama."

"Na jioni pampu zitachota humo?"

Nikasema zitachota. Mzee yule hakukaa.

"Kisima kina mfuniko. Wa hicho ataushika nani?"

Swali hilo sikuwahi kuulizwa chuoni. Nikamwomba mwenyekiti afungue kitabu, tukaandika sharti mbele ya wote: jioni pampu za maji zichote kwanza, ndipo wengine. Kampuni isipokubali, shamba halipo. Mikono ikainuka, na wa mzee ulikuwa miongoni mwake.

Alhamisi niliteremka Masasi, nikaipelekea kampuni pendekezo kwa mkono wangu. Wenye digrii wa kampuni walilivuta sharti lile huku na huku, wakaja kupima upya, wakapata vipimo vyangu vilevile. Barua ikatoka: Newala, na sharti lake. Siku hizi Hamisi ananitambulisha kwa wageni kama injinia wetu, nami simkatazi. Nililojifunza ni kwamba kipimo nilikwenda nacho, lakini jina la kitu nililikuta kwa wenyewe.

Juma lililofuata barua ile nilikodi boza la maji, nikapanda nalo Newala. Majirani walitaka ndoo zao tu. Nikajaza visima mpaka shingoni, nyumba baada ya nyumba. Alasiri nikakata jina la sita kwenye orodha yangu. Newala sidaiwi hata kikombe.