Gunzi Chini ya Pikapu

Asifiwe Mungu, anayeona kilichofichika kabla sisi hatujainama. Amenijalia miaka mingi, nami namshukuru kwa yote, hata kwa mwaka ule ulionitetemesha.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na magari ya mtumba yakaanza kupanda mpaka kwetu Sumbawanga. Mimi, katekista wa kijiji cha Pito na mkulima wa mahindi na ulezi, nikajaliwa kupata pikapu. Mwenye gari wa kwanza alikuwa akilitumia kubebea samaki wa chumvi kutoka Kipili, kule ziwani, na maji ya samaki wale hula chuma kama mchwa alavyo boriti. Lakini uvunguni lilikuwa limepakwa lami nyeusi, inang'aa. Nilipoiona nilisema moyoni, huyu bwana alilitunza.

Jumapili moja wanakwaya wetu, mke wangu akiwa mmoja wao, walikuwa waende nalo Kipili kuimba kwenye misa ya shukrani. Jumamosi iliyotangulia, asubuhi, nikaamua kulikinga na kutu kabla halijakanyaga tope la njiani. Nikaliegesha juu ya shimo tulikochimba udongo wa tofali, magurudumu huku na huku, nikashuka chini yake. Jirani yangu, Msukuma aliyehamia kwetu na ng'ombe wake, alileta mafuta ya ng'ombe. Tuliyayeyusha tukayachanganya na oili chafu, ndiyo dawa tuliyoijua. Yeye akabaki juu, ameshika kopo.

"Kwangua kwanza, Katekista," alisema. "Hata ng'ombe hapakwi dawa juu ya tope."

Nikakwangua. Kisha nikaigonga chesisi, ule mhimili wa chuma unaobeba gari zima. Nyundo ikajibu ngi, ngi, ngi. Karibu na gurudumu la nyuma ikajibu pu. Nikagonga tena. Pande la lami likabanduka, na kitu kikanidondokea kifuani.

Lilikuwa gunzi la mahindi.

"Umeangusha gunzi?" nikamwuliza jirani.

"Gunzi gani?"

Nikainua macho. Pale lilipotoka palikuwa na tundu, na ndani ya tundu niliona mwanga wa upande wa pili. Nikaingiza bisibisi, ikazama mpaka mpinini, kutu ikamiminika kama pumba. Mtu alikuwa ameziba chuma kilichooza kwa gunzi, akapaka lami juu yake.

Juma lililopita tu nilikuwa nimeteremka milima ya Kipili na pikapu ile, imejaa magunia, na mke wangu amekaa juu ya magunia. Nikaanza Salamu Maria, mimi ninayewafundisha wengine, nikakwama katikati. Sikukumbuka neno linalofuata.

Jirani akainama kuchungulia. "Tangu lini ninyi Wafipa mnalilisha hata gari mahindi?" Alipoiona ile bisibisi akaweka kopo chini, akanipa mkono nitoke.

Mke wangu alikuja na mwenyekiti wa kwaya, wamekwisha kunyoosha sare. "Baba, wenzangu wanauliza kesho tunaondoka saa ngapi."

Nikampa gunzi. Nikamwonyesha lilikotoka. Aliingiza vidole tunduni, akavitoa vimejaa kutu, akaketi chini kwenye udongo bila kutandika kitu.

"Halitabeba hata nusu yetu?" mwenyekiti akauliza.

"Nusu ipi, mama, wanene au wembamba?" jirani akasema. Hakuna aliyecheka.

"Mlimani pale," mke wangu akasema taratibu, "nilikuwa nasikia likilia. Nikadhani ni magunia."

Kipili hatukwenda. Mke wangu aliliingiza lile gunzi motoni, likatoa moshi mweusi wa lami, akatuchemshia chai. Mpaka leo sijui kama aliyeniuzia ndiye aliyelisukumiza mle kwa haraka ya kuuza, au naye aliuziwa vivyo hivyo, basi simhukumu.

Fundi alikata kipande kilichooza, akaunga chuma kipya. Lakini kabla sijagusa brashi niliwaita wanakwaya wote. Wakashuka shimoni mmoja mmoja, wakishikilia kanga zao, wakaitazama chesisi ikiwa tupu. Wa mwisho alikuwa mke wangu. Alichukua nyundo, akagonga mwenyewe, akatega sikio. Ngi.

"Sasa paka," akaniambia.

Nawe unayesoma haya, Mungu akutangulie kwenye kila mteremko, na akulinde upande ule ambao huwezi kuinama ukauona.