Siku Kumi na Mbili za Mama Tanuri

Kazini walimwita Mama Tanuri. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akipima udongo, akiuunguza tanurini, kisha akiupima tena. Kilichopungua ndicho kilichomwonyesha ulikuwa na kiasi gani cha kaboni, ile itokanayo na mimea iliyooza na kuupa udongo rutuba. Vikombe vyake vya kuunguzia havikuguswa ovyo. Hata mkuu wa maabara aliomba ruhusa.

Ikafika siku ya kikao. Walikuwa wanaamua kama mteremko wa mashamba juu ya bonde ujengewe makinga maji, matuta ya kuzuia udongo usisombwe, kabla ya mvua kubwa. Mkuu alisoma matokeo huku akitabasamu.

"Mteremkoni kaboni imepungua, bondeni imejaa tele. Kumbe haipotei, maji yanaihamisha tu! Makinga ya nini sasa?"

Mama Tanuri alijua palipoharibika. Udongo wa bondeni aliuchota mwenyewe, juujuu, pamoja na majani yaliyooza yaliyosombwa na mvua ya jana yake. Hakuchimba, maana matope yalimfika magotini naye alitaka kuwahi gari. Yeye huyo, aliyewagombeza wenzake kwa chembe ya vumbi! Kaboni nyingine ilikuwa imekwenda na mto, nyingine imeoza ikaishia hewani, na vipimo vyake viliificha hasara hiyo.

Angenyamaza, nani angejua? Akasimama.

"Mkuu, udongo wa bondeni niliuchota vibaya."

"Leo ndiyo unakumbuka? Na lile shamba la mteremkoni si la kaka yako?"

"Ni la kaka yangu."

Watu wakatazamana. Aliona haya hadi masikio yakamchoma.

Mkuu akaagiza udongo uchotwe upya, na mtu mwingine. Kuchimba hadi mita moja, kukausha, kuchekecha na kuunguza kulichukua siku kumi na mbili. Bondeni haikupatikana hata nusu ya kaboni iliyoondoka mteremkoni. Makinga yakapitishwa bila ubishi.

Lakini mvua kubwa ilikuwa imeshuka siku ya tisa, mchana kutwa.

Alimkuta kaka yake shambani, kando ya korongo jipya lililomfika kiunoni.

"Kaka, wamekubali. Wanaanza Jumatatu."

Kaka yake akapiga jembe chini. Likagonga mwamba.

"Ahsante, mdogo wangu. Sasa waje kuzuia nini?"

Angeweza kuilaumu ofisi. Akamweleza yote: matope, gari, na siku kumi na mbili zilizopotea kwa uvivu wake. Kaka yake akamsikiliza mpaka mwisho, akaweka jembe begani, akaondoka bila kugeuka.